Ziwa Lililosimama Daftarini

Ngumbo,
11 Septemba 1994

Mdogo wangu Edmund,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 19 Agosti niliipata juzi. Ilikuwa imelowa pembe moja, lakini hakuna neno lililofutika. Huku tunaendelea. Upepo umetulia, wanawake wanaanika tena usipa, na kijiji kizima kinanuka samaki wakavu, harufu ambayo wewe uliikimbilia milimani. Lidia, jirani yangu, anakusalimu. Anauliza kama mkeo Rosa bado anaimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko wale wa sauti ya kwanza. Mimi sukari yangu inapanda na kushuka kama ilivyozoea tangu mwaka 1988. Vidonge ninavyo vya kunifikisha Novemba.

Sasa nikueleze lililonikalisha chini. Ofisi ya maji imeniandikia. Wanasema watumishi wanapunguzwa kila mahali, na kwa kuwa mimi ni "mgonjwa wa kudumu" (maneno ni yao), nichague moja kati ya mawili. Ama nibaki na kazi pungufu, nisome kipimo cha ziwa Jumatatu tu, ama niache kabisa, nistaafu kabla ya umri. Nijibu kabla ya mwisho wa Aprili.

Niambie, ziwa la Jumatatu tu ni ziwa gani? Tangu tarehe 3 Machi 1969, kila siku saa tatu asubuhi nimeingia majini mpaka kwenye ule ubao wenye namba, nikasoma maji yamefika wapi, nikarudi juu, nikapima mvua iliyomo kwenye kopo, nikaandika. Siku tuliyomzika marehemu mume wangu Ignatio nilisoma saa tatu, mazishi yakawa saa nane. Imo daftarini. Ukilisoma Jumatatu, siku sita zilizobaki ziwa litafanya linalotaka na hakuna atakayejua.

Sijaamua. Nimekuandikia ili niyaone maneno yenyewe kwenye karatasi.

Dada yako,
Ottilia


Mbinga,
2 Oktoba 1994

Dada Ottilia, shikamoo.

Nyumbani kwetu wote tuna afya, na mikono imechakaa kwa kumenya kahawa. Rosa anasema mjibu Lidia hivi: sauti ya pili ndiyo inayoubeba wimbo, hao wa kwanza wanapanda mgongoni tu.

Mwaka huu wanunuzi binafsi wamefika hadi mlangoni. Zamani kahawa ilikuwa na mlango mmoja, wa chama cha ushirika, nami nilikuwa karani pale ghalani miaka kumi na minne. Sasa kila mwenye mizani ni ofisi. Ghala letu limefungwa tangu Juni. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikujua niandike vipi. Asubuhi ya kwanza nilivaa shati la kazi nikaenda mpaka kwenye kufuli. Mlinzi akaniuliza, "Karani, umesahau nini?" Nikamwambia, "Nimesahau kwamba sina kazi." Tukacheka mpaka akakohoa. Siku hizi nachimba ngolo kule mteremkoni, yale mashimo yetu ya mahindi na maharage, na mgongo unanitajia umri wangu kwa sauti. Lakini nalala usingizi, dada. Miaka kumi na minne nilikuwa nikiota magunia.

Kwa hiyo nasema pumzika. Umefanya kazi ya kutosha, pumzika. Upande wa mashariki wa nyumba nimeongeza chumba chenye dirisha kubwa. Asubuhi ukungu unakaa bondeni, mweupe na tambarare, na vilele vinajitokeza kama visiwa. Mgeni akiona atadhani ni ziwa. Njoo upumzike, ulitazame hilo lisilohitaji kupimwa. Mgonjwa kupumzika si aibu.

Barua zikichelewa, mpe neno Mzee Makame, yule mwenye duka hapa stendi. Lori lake linashuka huko kufuata usipa kila baada ya wiki mbili. Ni mtu wa pwani, Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha sisi sote, na neno halimpotei njiani.

Mdogo wako,
Edmund


Ngumbo,
20 Novemba 1994

Edmund,

Marahaba, na pole kwa ghala. Ungeniandikia Juni. Huku Lidia amejifungua mtoto wa kike salama, wa tano, na siku ya nne alikuwa tayari ufukoni anageuza usipa kwenye vichanja vyake. Anasema akilala sana mgongo unauma. Jibu la Rosa limemfikia. Amelicheka, kisha ameimba sauti ya pili siku nzima ili kuona kama ni kweli.

Nakuomba jambo moja. Usiniandikie tena hilo neno. Nimelihesabu, umeliandika mara nne katika ukurasa mmoja. Huku kwetu nalisikia kutoka kwa katekista tu, anaposimama mbele ya udongo mpya: "Ndugu yetu amepumzika." Ofisi wanasema kustaafu. Ni neno kavu, lakini halina kaburi ndani yake.

Juma lililopita wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda juu ya maji kama moshi, nguzo baada ya nguzo, mpaka milima ya upande wa pili ikapotea. Nilisimama majini nikiwatazama nikasahau kilichonipeleka. Usiku huo niliota ziwa limeondoka. Halikukauka; liliondoka tu, kama mtu anavyoinuka kwenye kiti. Nikatembea chini yake na daftari mkononi. Mchanga ulikuwa na mistari iliyonyooka kama ya karatasi, na mama yetu alikuwa huko mbali anaanika usipa. Nilimwamkia, hakuitikia, kwa sababu nilikuwa sijaandika tarehe. Nikatafuta tarehe. Nilipoamka nilikuwa bado naitafuta.

Sasa jingine, na libaki kati yetu wawili, usimwambie mtu. Mawe ya ziwani yamekuwa laini. Miaka yote yalikuwa yananichoma nyayo, siku hizi nayakanyaga kama mikate. Na ubao wa kipimo una ukungu mpaka jua lipande. Nadhani ni rangi yake imechakaa. Nimeomba rangi.

Dada yako,
Ottilia


Mbinga,
8 Januari 1995

Dada, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Tumekula sikukuu vizuri. Rosa amekutumia kilo mbili za kahawa kupitia lori la Makame, pamoja na kanga. Mvua imekamata, maharage yameota, na barabara ya kushuka huko inapitika siku moja na kukataa siku mbili.

Dada, mawe hayawi laini kwa msimu mmoja. Rosa aliposoma mstari huo aliiweka barua mezani akatoka nje. Mjomba wake alianza hivyo hivyo. Alikanyaga msumari asubuhi, akauona jioni alipovua kiatu. Tafadhali nijibu haya, moja moja, kama unavyojibu ofisi:

Una kidonda mguuni?

Ulikwenda lini hospitali kupimwa macho?

Nauliza la macho kwa sababu nimeziweka barua zako mbili pamoja. Ile ya Septemba ina mistari thelathini na mmoja kwa ukurasa. Ya Novemba ina kumi na tisa. Karani hawezi kuacha kuhesabu, nisamehe. Herufi zako zimekuwa kubwa, zimetengana kama watu waliogombana.

Chumba kimepakwa chokaa. Lile neno sijaliandika, umeona.

Edmund


Ngumbo,
26 Februari 1995

Edmund,

Marahaba. Kahawa imefika, kanga imefika, mshukuru Rosa. Mtoto wa Lidia amebatizwa tarehe 15 Januari na kupewa jina la Hildegardi, jina la mama yetu. Lidia aliniomba ruhusa kwanza. Nilitoka nje kidogo ndipo nikarudi kumjibu.

Mvua ni nyingi. Kopo langu limejaa siku kumi na saba za mwezi huu. Lakini jambo la ajabu, ziwa limesimama. Mwaka wowote mwingine mwezi wa Januari lingeanza kupanda, na kufikia Februari lingekuwa limeyameza yale mawe ya kufulia. Mwaka huu, daftarini, lipo palepale lilipokuwa wakati wa Noeli. Sijawahi kuona. Usiku naliota limejilaza kama ng'ombe anayekataa kuinuka, nami namvuta kwa kamba ya karatasi. Ukimya wake unaniamsha. Lidia naye haeleweki. Amevihamisha vichanja vyake vya usipa kuvipeleka juu mara mbili sasa. Sijui anakimbia nini.

Kidonda ninacho, kimefungwa. Hospitali nitakwenda.

Sasa sikiliza. Tarehe 20 imekuja barua ya pili ya ofisi. Wananikumbusha kuchagua, na wameongeza: "hasa kwa kuzingatia hali ya miguu na macho yako kama ilivyoripotiwa." Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia ili nisiwasingizie. Hakuna mtu wa Ngumbo niliyemwambia juu ya miguu wala macho. Hospitali nilikuwa sijakwenda. Nilimwambia mtu mmoja, kwa barua, tarehe 20 Novemba.

Sikuulizi kitu.

Ottilia


Mbinga,
19 Machi 1995

Dada, shikamoo.

Rosa anakusalimu. Jina la mama limetufurahisha wote, tumempelekea Hildegardi mdogo kibahasha kidogo kwa mkono wa Abdulmajid, dereva wa lori la Makame.

Huku magugu yanashindana na maharage. Kahawa ya mama, ile mibuni mitano ya karibu na mto, imechanua nje ya msimu baada ya mvua ya Jumanne, maua meupe usiku mmoja, na asubuhi nyuki walikuwa wengi kiasi cha kufanya mti uonekane unachemka. Nilisimama pale muda mrefu. Ungependa.

Kuhusu barua ya ofisi sina la kusema ambalo lingesaidia.

Dirisha la chumba limepata kioo. Utanijibu lini hospitali walisema nini?

Edmund


Mbinga,
16 Aprili 1995
Siku ya Pasaka

Dada Ottilia, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu nisikie kutoka kwako. Mbili zilizotangulia zilikuwa fupi, labda zimekwama Mbamba Bay na mvua. Abdulmajid anasema alikuona kwa mbali umesimama majini, akakupungia mkono, hukumpungia. Nimemwambia labda ulikuwa unasoma. Ananiambia ilikuwa saa kumi alasiri.

Mwezi unaisha wiki mbili zijazo. Ukichagua nusu ya kazi, nitashuka mwenyewe nikusomee hizo Jumatatu. Ukichagua kuacha, nitakuja kukuchukua. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Edmund


Mbinga,
10 Mei 1995

Dada yangu Ottilia,

Shikamoo, na safari hii nakuamkia kwa moyo wote, kwa kuwa kwa siku moja na usiku wake nilidhani sitakuamkia tena.

Tumerudi salama. Rosa ana mafua ya lorini. Pale ufukoni palikuwa na kelele nyingi mno na watu kumi na mmoja wote wakisema pamoja, sikupata kukueleza vizuri ilikuwaje. Basi nakueleza.

Jumamosi tarehe 29 Aprili asubuhi Mzee Makame alikuja nyumbani kwa miguu yake. Hajawahi. Alivaa kofia ya Ijumaa. Nilikuwa napalilia. Akasimama kwenye ukingo wa shimo la ngolo, asichafue viatu, akasema:

"Bwana Edmund, salamu kutoka Ngumbo. Dada yako amepumzika."

Nikamuuliza, "Lini?"

"Alhamisi. Nilikuwapo mwenyewe. Alhamdulillahi. Ametulia kabisa, uso umemng'aa."

"Aliteseka?"

"Ah, aliteseka! Miezi yote hii, anakataa, anakataa. Lakini mwishowe alikubali mwenyewe, kwa hiari yake."

Rosa aliyekuwa mlangoni akapiga yowe lililowatoa nje watu wa nyumba ya pili. Makame akashangaa. Akamwambia, "Mama, si jambo la kulilia hili, ni la kushukuru." Rosa akamjibu huku analia, "Ninyi Waislamu mna imani kubwa, Mzee. Sisi tuacheni tulie." Naye kwa adabu akasema kama tunataka kwenda kumwona, lori lake litatushusha saa sita.

Dada, yeye alisema neno kama lilivyo katika Kiswahili chake. Wewe ulimwambia umekubali kupumzika, naye akalibeba kwa uangalifu mpaka kwangu bila kulimwaga. Mimi ndiye niliyelipokea kwa masikio ya kanisani. Nilishafundishwa na barua yako mwenyewe! Tangu Novemba nilikuwa sijalisikia neno hilo bila kuona udongo. Nilidhani nikilisikia tena litakuwa na maana moja tu.

Tulipanda watu kumi na mmoja. Fundi wa kanisani alichonga msalaba kwa saa mbili, jina na miaka, 1943 hadi 1995, na rangi ilikuwa bado mbichi, ikamchafua Rosa kanga. Tulilala Mbamba Bay kwa sababu ya tope. Njia nzima Abdulmajid alikuwa anatutazama kwenye kioo chake. Mwisho akauliza, "Samahani, mnakwenda msibani kwa nani?" Tulikuwa tumeshaingia Ngumbo, wanawake wameanza wimbo, hakuna aliyemjibu.

Lidia akatoka mbio na mtoto mgongoni. "Kafa nani?" Rosa akasema, "Kwani si Ottilia?" Lidia akasema, "Ottilia yuko majini."

Unajua Rosa alielewaje. Alikaa mchangani palepale.

Mimi nikakimbia. Na wewe ulikuwa umesimama na mabuti yako, maji yamefika kiunoni, uso umeukaribisha kwenye ubao kama mtu anayenusa. Nilipiga kelele jina lako. Hukugeuka. Uliuliza, "Saa ngapi?" Nikatazama. Nikasema, "Saa tatu na dakika mbili." Ukasema, "Basi usinisemeshe."

Hayo ya kucheka tumecheka. Sasa nisikilize kwa yasiyo ya kucheka.

Nilisogea, nikausoma ubao mimi kwa sauti. Mita moja na themanini na nne. Ulinishika mkono tukatoka majini polepole, ukaenda mezani ukaandika, ukaniambia ndicho kipimo chako cha mwisho kwa sababu tarehe hiyo ndiyo unayoacha kazi. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nyuma ya bega lako. Mstari wa juu yake ulisema mita moja na ishirini na sita. Wa juu yake ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Ukurasa mzima. Ziwa haliwezi kupanda sentimita hamsini na nane kwa usiku mmoja, dada. Nilirudi majini mara tatu kuangalia.

Ninalosema ni hili: liache. Ofisi hawasomi yale madaftari, yamerundikwa mahali, mimi najua maghala. Una miaka ishirini na sita safi. Miezi minne hakuna atakayeiona. Usijichafue mwenyewe mlangoni wakati wa kutoka.

Na la pili. Mimi ndiye niliyewaandikia ofisi, tarehe 15 Desemba. Niliandika kwa mwandiko wa kikarani, wa ofisini, ili lionekane jambo la kawaida. Nilitaka waamue wao ili usinichukie mimi. Sasa nimelisema.

Njoo kabla kahawa haijaiva.

Mdogo wako,
Edmund


Ngumbo,
28 Mei 1995

Mdogo wangu Edmund,

Marahaba, mara kumi na moja, moja moja kwa kila aliyekuja kunizika. Mwambie Rosa badala ya kanga iliyochafuka nitampa ile ile aliyonitumia, sijaivaa. Mpe pole na Mzee Makame. Lori lilipokuja juzi alikuwa ameandika karatasi ya kuniomba radhi, kurasa mbili, nami sijui ananiomba radhi kwa kosa gani. Alisema Kiswahili. Sisi ndio tulioongeza kaburi.

Naandika kwa kuweka rula chini ya kila mstari, ndiyo maana imechukua siku tatu. Hospitali nimekwenda. Kidonda wanakisafisha. Jicho la kulia limechoka na halitarudi, la kushoto watalitunza nikilitunza. Daktari aliuliza kazi yangu. Nilipomwambia aliweka kalamu chini.

La barua yako kwa ofisi nililijua tangu Februari. Nilikukasirikia Machi yote. Aprili hasira ilipokwisha nikakuta chini yake kuna kitu kingine, nacho ndicho nitakachokueleza, kwa kuwa wewe umeeleza lako.

Mbali na daftari la ofisi nina langu la siku, tangu nilipotoka shule. Tarehe 9 Januari nimeandika humo sentensi moja: "Leo nimeandika cha jana." Asubuhi ile niliingia majini nikakuta ubao mweupe. Namba hazikuwapo. Nikasubiri jua. Jua likapanda, namba hazikuja. Nikarudi juu nikaandika namba ya tarehe 8, nikijiambia ni kwa siku hiyo tu, ziwa haliendi mbali kwa siku moja. Tarehe 10 nilifanya hivyo tena, ila sentensi ile sikuiandika tena. Mara mojamoja niliongeza sentimita moja, au kupunguza, lionekane linapumua. Halafu, Edmund, nikaanza kuamini. Nilikuandikia ziwa limesimama nikiwa nashangaa kweli. Mvua inanyesha, na namba niliyoiandika mwenyewe inanitazama kana kwamba imetoka majini. Nililisimamisha ziwa kwa kalamu, kisha nikakesha nikijiuliza kwa nini haliinuki.

Kwa hiyo sikukataa kuacha kwa sababu ya kuipenda kazi. Mwanzoni, ndiyo. Baadaye niliogopa kwamba atakayepokea ubao siku ya kwanza tu atasoma ukweli. Nusu ya kazi ilinivutia kwa sababu hiyo pia, ningefunika Jumatatu tu. Siku niliyoelewa kwamba ndivyo ninavyowaza ndiyo Alhamisi niliyompa Makame neno. Na aliyesoma ukweli siku ya kwanza ukawa wewe, na msalaba wangu ukiwa lorini.

Unasema niliache. Nimekusikiliza siku nne. Lakini kama miezi minne imelala pale bila alama, basi anayekuja kuigundua atatilia shaka na ile miaka ishirini na sita, na siku ya Ignatio nayo.

Nikamwita Lidia. Nikamuuliza kwa nini alihamisha vichanja. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Si maji yalikuwa yanakuja, Mama Kipimo? Nilidhani wewe ndiye unayejua." Alihamisha mara tatu. Ya kwanza siku mbili kabla ya ubatizo wa Hildegardi mdogo. Ya pili Jumatano ya wiki niliyopokea barua ya ofisi. Ya tatu Jumamosi kabla ya Matawi. Kila mara alihama maji yalipolamba mguu wa mbele wa kichanja. Lidia hakumaliza darasa la nne, na hakukosea tarehe hata moja, tumezihakikisha kwa cheti cha ubatizo na kalenda ya kanisa.

Basi tukapima. Yeye akashika kamba na kuingia majini mpaka pale miguu ya kila kichanja ilipokuwa, miti ya zamani bado ipo chini, mimi nimekaa juu na penseli nikitoa kina cha pale kwenye namba aliyonisomea ubaoni. Siku mbili. Nimepata vipimo vitatu vya kuaminika, na katikati yake nimeacha wazi. Katika daftari la ofisi, chini ya kipimo chako cha mwisho, nimeandika kwa wino mwekundu hivi:

"Kuanzia 9 Januari hadi 29 Aprili 1995 namba zilizoandikwa si za ziwa. Msomaji hakuona na hakusema. Vipimo vitatu vya penseli vimepatikana kwa vichanja vya usipa vya Lidia, mkazi wa hapa. Cha 30 Aprili kilisomwa na Edmund, mdogo wa msomaji, nacho ni sahihi. Yote ya kabla ya 9 Januari nayasimamia. Ottilia."

Nimelipeleka kwa meli ya tarehe 24, na nakala ya barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Hizo Jumatatu nimewapendekezea Lidia. Kama watamkataa kwa kukosa cheti, ni juu yao. Vichanja vyake vitaendelea kuhama.

Nitapanda kwenu na lori la mwisho wa Juni. Nitakuwa na sanduku moja, mabuti sitayaleta. Ule msalaba wa fundi upo nyuma ya mlango. Nimeukwangua mwaka wa mwisho kwa kisu, jina na mwaka wa kwanza nimeviacha, rangi ni nzuri. Utaniletea wakati wake ukifika.

Jana niliota tena. Ziwa lilikuwa limerudi. Lilipita katikati ya nyumba bila kulowesha kitu, na mama aliniitikia nilipomwamkia, ingawa tarehe sikuwa nimeandika.

Leo ni Jumapili. Saa tatu imepita nikiwa kwenye mstari wa juu ya huu. Sijui maji yamefika wapi. Nayasikia tu.

Dada yako,
Ottilia